Chumba Namba Tisa

Wiki tatu nililala na kidonda kisichouma.
Kingeuma ningekisema.
Kinachouma hupulizwa, hupakwa dawa, hulaumiwa;
hiki kilikaa kimya kama mgeni asiyealikwa,
na wiki ya nne kikaondoka chenyewe.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Mficha uchi hazai, bibi alikuwa akisema.
Mimi nimezaa watatu na bado najificha.

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Ilininyeshea tangu stendi hadi kilimani,
na Rungwe nao umejifunika gubigubi.
Nilivaa koti la Ambokile,
kubwa, zito, lenye mfuko uliotoboka;
mwezi mzima ananiambia nishone,
mwezi mzima naahidi,
mimi fundi, mwenye cherehani barazani
na futi kamba shingoni siku zote isipokuwa leo.

Na kwenye benchi, nani? Mama mkwe.
Kitambaa chake cha kanisani, kikapu magotini.
"Tumpe, umefuata nini?"
"Kichwa, mama."
"Hata mimi kichwa."
Tukakaa hivyo, vichwa viwili vizima,
tukitazama matope ya viatu vya watu.

Cha kwanza ni macho, cha nne meno, cha saba watoto.
Cha tisa hakina kibao mlangoni
na wilaya nzima inakijua.
"Thelathini na nne! Namba tisa!"
Nilibana miguu. Yangu ilikuwa thelathini na tano.
Akasimama yeye,
mjane wa mwaka wa sita,
akaniwekea kikapu mapajani.
"Nishikie."
Basi, hakuongeza neno.
Ndani mlikuwa na ndizi, kipande cha sabuni, maparachichi.
Sikuhesabu mambo yake. Nilihesabu maparachichi.
Yalikuwa manne. Nikahesabu tena.

Kidole changu kimechomwa na sindano miaka kumi na miwili,
lakini kile kichomo kidogo
kilikishtua kama kidole cha mtoto.
Tone likanywewa na kijikaratasi.
Dakika ishirini, akasema daktari, akaendelea kuandika.
Nyumbani dakika ishirini ni kola na mikono miwili.
Pale zilikuwa kitambaa kisicho na mwisho,
unavuta, kinakuja, unavuta.

Kimoja kilitoa mstari mmoja.
Cha pili kilitoa mistari miwili,
imenyooka sambamba, kama pindo lililorudiwa.
"Kaswende," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.
"Inatibika. Unachomwa leo leo.
Hiki kingine hakijaonyesha kitu, urudi baada ya miezi mitatu.
Na mwenzako?"

Mwenzako.
Ambokile anayepeleka ndizi Tunduma,
anayerudi Jumamosi na mkate na uchovu.
Nilitafuta hasira, nikaipata, imeiva.
Nikainyanyua. Chini yake
palikuwa na juma moja la Pasaka
ambalo halikuwa la Ambokile.
Nikairudisha polepole mahali pake.

Sindano ya paja iliuma. Nilishukuru kwamba inauma.

Nje, chini ya ukingo wa bati, alikuwa akinisubiri,
mwavuli umefunguliwa kabla sijafika.
"Kichwa kimepona?"
"Kitapona, mama."
"Changu pia."
Akanipa maparachichi mawili,
akabaki na mawili,
tukateremka tumeshikana viwiko kwa sababu ya utelezi.
Nasema ni kwa sababu ya utelezi.

Kadi waliyonipa ni ya manjano.
Haina jina la ugonjwa, ina namba na tarehe,
na mstari mtupu ambao mtu ataandika jina lake mwenyewe.
Leo Ijumaa. Watoto wamelala.
Nimewasha taa, nimelilaza koti mezani,
nimegeuza mfuko nje ndani.
Nashona mara mbili,
kwa uzi mweusi, mkono wa karibu,
maana nitakachokiweka humu
kisije kikadondoka njiani.